Antena Moja, Soketi Mbili

Ilikuwa Julai 2018, Morogoro. Mwalimu mmoja mstaafu, jirani yetu, alikuja na laptopu ya mtumba ambayo mwanawe alimnunulia Kariakoo. Windows ilikuwa imeondolewa na badala yake ikawekwa Ubuntu 18.04, mfumo wa aina ya Linux, kwa kuwa mashine ilikuwa inajikokota.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hii kitu inashika intaneti nikikaa pale pale kwenye ruta tu. Nikivuka mlango kwenda chumbani, imekata. Simu yangu inashika mpaka barazani."

Kauli hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa na uzito. Simu kushika barazani kulimaanisha ruta haina tatizo. Akaongeza kwamba zamani, ikiwa na Windows, laptopu ilikuwa inashika nyumba nzima. Kwa hiyo hata kadi ya waifai yenyewe haikuwa imekufa. Fundi wa kwanza alikuwa ameshafuta na kusimika Ubuntu mara tatu bila mabadiliko yoyote, na hapo ndipo watu wengi hupoteza siku nzima: kusimika upya hurudisha draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, ile ile yenye mipangilio ile ile.

Nilianza na amri inayochukua sekunde mbili, ya kuona kama waifai imezuiwa:

rfkill list

Majibu yalikuwa "Soft blocked: no" na "Hard blocked: no". Kama ya pili ingekuwa "yes", ningetafuta swichi au kitufe cha waifai kwenye kibodi, kwa sababu rfkill haiwezi kukiondoa kizuizi hicho. Kisha nikaangalia ni kadi gani:

lspci -nnk | grep -A3 -i network

Ikatoka RTL8723BE, namba ya utambulisho 10ec:b723, na chini yake "Kernel driver in use: rtl8723be". Kadi inaonekana, draiva imeishika. Nikaangalia kama fimwea, yaani ile programu ndogo inayopakiwa ndani ya chipu yenyewe, imepakiwa:

dmesg | grep -i rtl

Kulikuwa na mstari unaotaja rtlwifi/rtl8723befw_36.bin, bila kosa lolote chini yake. Fimwea ikikosekana, dmesg husema wazi kwamba faili halikupatikana, na mara nyingi jina la kadi, kama wlo1 au wlp2s0, halitokei kabisa ukiandika "ip link". Hapa wlo1 ilikuwepo. Programu zote zilikuwa mahali pake, ila redio ilikuwa haisikii.

Kipimo cha usikivu ni dBm, namba hasi ambayo kadiri inavyosogea sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Kwa uzoefu, -50 ni safi sana, -67 inatosha kuangalia video, ikifika -80 unganisho huwa la kubahatisha. Niliiweka laptopu mezani, mita tano kutoka kwenye ruta, ukuta mmoja katikati:

sudo iw dev wlo1 scan | egrep 'freq|signal|SSID'

Mtandao wa nyumbani ulisoma -81. Masafa yalikuwa megahezi 2437, yaani chaneli ya 6, kwa hiyo nikaliondoa shaka la chaneli za 12 na 13, ambazo laptopu isiyopangiwa nchi huwa haizitafuti kwa bidii. Kadi hii pia inafanya kazi kwenye gigahezi 2.4 pekee. Mtu mwenye ruta inayorusha gigahezi 5 tu atatafuta jina la mtandao wake mpaka achoke, na halitaonekana.

Nilijaribu kwanza kuzima usimamizi wa umeme, kwa sababu ni tatizo la kawaida kwenye familia hii ya kadi. Katika faili la /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf nilibadilisha wifi.powersave = 3 kuwa 2, nikawasha upya NetworkManager, programu inayosimamia mtandao. Ping kwa ruta, yaani kupima inachukua muda gani kujibu, tukiwa tumekaa jirani nayo, zikatulia. Lakini nilipopima tena kutoka mezani, ilikuwa ile ile -81. Kuzima powersave hupunguza ucheleweshaji na kukatika-katika, haiongezi hata desibeli moja ya mawimbi. Mtu anayepima kwa ping pekee angedhani amepona.

Jaribio lililofuata ndilo ninalolipenda kuliko yote, na halihitaji kifaa chochote. Niliwasha hotspoti ya simu, nikaigusisha na laptopu: -44. Nikaisogeza hatua moja: -68. Hatua tatu, chumba kile kile, hakuna ukuta: -79. Antena nzima, kwa umbali mdogo hivyo, haisomi chini namna hiyo. Redio iliyo dhaifu hivyo inasikia kupitia chuma tupu, kama redio ya mkulima iliyokatwa waya wake wa antena ikabaki kushika stesheni ya jirani tu.

Nikageuza mashine, nikatoa betri na mfuniko wa chini. Kadi ilikuwa na soketi mbili ndogo za antena, za duara, na waya mmoja tu uliobanwa kwenye mojawapo. Nyingine ilikuwa wazi. Waya haukuwa umechomoka popote. Kiwanda kiliweka antena moja tu.

Chanzo kilikuwa hapo. Chipu hii inaweza kutumia soketi yoyote kati ya hizo mbili, na draiva hujua ipi ya kutumia kwa kusoma kumbukumbu ndogo iliyochomwa ndani ya kadi kiwandani. Kwenye laptopu kadhaa za aina hii kumbukumbu hiyo iliandikwa vibaya, inaitaja soketi isiyo na waya. Draiva ya Linux inaiamini, na redio inasikiliza mahali pasipo na antena.

Tiba mbili zilikuwepo. Moja ni kuhamisha waya kwenda soketi ya pili. Vichwa hivyo ni laini mno, havikutengenezwa kuchomolewa mara nyingi, na ukivibonyeza kwa upande vinapinda. Nikauacha waya ulipo. Nyingine ni kuiambia draiva ipuuze kumbukumbu ile, kwa kigezo kiitwacho ant_sel. Unakiona ukiandika "modinfo -p rtl8723be". Sifuri ni kuiamini kadi, 1 au 2 ni kulazimisha antena. Draiva za familia ya rtlwifi, ambayo hii ni mojawapo, zilitunzwa kwa miaka mingi na Larry Finger, Mmarekani aliyeifanya kazi hiyo kwa kujitolea, akafariki mwaka 2024. Laptopu nyingi za bei ndogo zinazotumika hapa kwetu zina waifai leo kwa sababu ya jasho lake, na ninamshukuru kwa dhati.

Tukafunga mfuniko, tukawasha, nikaiondoa draiva na kuirudisha na kigezo kipya.

sudo modprobe -r rtl8723be
sudo modprobe rtl8723be ant_sel=1

Ngoja sekunde kumi, skani: mtandao wa nyumbani haukuonekana kabisa. Nikaondoa tena draiva, nikairudisha na ant_sel=2. Meza ile ile, mita tano zile zile: -47. Tofauti ya desibeli 34 ni nguvu iliyozidi mara 2,500. Mwalimu hakusubiri maelezo. Aliibeba laptopu mpaka barazani, akarudi kuniuliza kama aiache huko huko.

Nikamwomba avumilie kidogo, maana mpangilio wa modprobe hupotea mashine ikizimwa. Wa kudumu huandikwa hivi:

echo "options rtl8723be ant_sel=2" | sudo tee /etc/modprobe.d/rtl8723be.conf

Faili lisiloishia na .conf halisomwi, na halitoi onyo lolote. Usiache nafasi kuzunguka alama ya usawa. Na usiandike "sudo echo" ukifuatisha alama ya > badala ya tee: sudo, yaani ruhusa ya msimamizi, itaishia kwenye echo, uandishi wa faili utafanywa na mtumiaji wa kawaida, na utakataliwa. Tulizima, tukawasha, nikahakiki:

cat /sys/module/rtl8723be/parameters/ant_sel

Ikajibu 2.

Fundi wa kwanza alikuwa amemshauri apakue draiva nyingine mtandaoni na kuikompaili, yaani kuijenga kutoka msimbo wake. Hiyo ingemla bando, na bila DKMS, programu inayoijenga upya draiva kwa kila keneli mpya, ingetoweka kila keneli, yaani kiini cha mfumo, inaposasishwa. Kama Secure Boot, ulinzi unaokubali programu zilizosainiwa tu, imewashwa, keneli ingeikataa mpaka uisajilie ufunguo. Mstari mmoja ndani ya /etc hauguswi na sasisho la keneli.

Jambo moja halikuisha. Antena ile moja inatumiwa na waifai na Bluetooth kwa zamu, kwa hiyo spika ya Bluetooth ikicheza, kasi ya kupakua inashuka. Nilimweleza atumie waya kwa spika zake.

Mwalimu aliandika mstari wa options kwenye daftari lake kwa kalamu ya wino, herufi kwa herufi, akanisomea ili nihakiki ile alama ya chini katikati ya ant na sel. Wiki mbili baadaye alinipigia: mwalimu mwenzake alikuwa na laptopu kama ile, amenakili mstari kama ulivyo, na sasa mtandao haushiki hata karibu na ruta.

"Mwambie aweke moja badala ya mbili," nikamjibu.

Nikasikia akimsomea mwenzake, kisha kimya cha mashine inayowaka upya, kisha sauti ya pili nyuma yake ikitaja jina la mtandao wa shule.