Nilivyojifunza kuhesabu ndege wa maji kwenye hifadhi ya ardhioevu

Mimi nilidhani kuhesabu ndege ni kukaa na darubini na kuandika tu, mpaka Januari nilipojitolea kwenye hesabu ya ndege wa maji nikakuta kitwitwi wamejaa kwenye tope mpaka tope lenyewe halionekani. Nikaanza moja, mbili, tatu, nimefika mia na kitu hivi mwewe akapita juu, wote wakaruka kwa mpigo wakazunguka wakatua upya, basi sijui tena nani nimemhesabu na nani bado. Nikaandika 500 kwa kukisia. Mwenzangu wa pembeni alikuwa na karibu mara mbili yake, kundi lilelile.

Iliniuma kwa sababu nilikuwa najua hizo namba zinakwenda wapi. Mkataba wa Ramsar, ule uliosainiwa kule Iran tarehe 2 Februari 1971, una vigezo vya kutambua ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa na viwili kati ya hivyo ni hesabu tupu: eneo liwe linapokea kwa kawaida ndege wa maji 20,000 au zaidi, au asilimia 1 ya idadi ya spishi fulani. Sasa ukikosea kwa nusu si unaweza kuinyima sehemu ulinzi inaostahili?

Mzee mmoja tuliyekuwa naye, ameitembea hifadhi ile miaka na miaka, ndo akanielekeza. Hesabu kumi kwa uhakika, tazama hiyo kumi imekula nafasi kiasi gani, halafu ibebe hiyo nafasi kwa macho uipange juu ya kundi zima, na kundi likiwa kubwa sana unapanda hamsini hamsini au mia mia. Nyumbani nikawa namwaga mbegu mezani, nakisia kwa sekunde chache halafu nahesabu kweli. Wiki ya kwanza kila nikikisia napata pungufu, na wengi wetu tuko hivyo, kundi likizidi ukubwa ndo macho yanazidi kulipunja. Nilikaa na zile mbegu karibu mwezi mzima.

Mengine nilishika haraka: jua liwe mgongoni, uwahi asubuhi, kundi likiruka lipige picha uje uhesabu taratibu kwenye kioo cha simu. Mwari na domomwiko hawana shida, wanaonekana toka mbali. Mnandi ndo wa kuangalia maana anazama halafu anaibukia kwingine, ni rahisi sana kumhesabu mara mbili.

Lakini kilichonibadilisha kabisa ni sifuri. Kuna ndege anaitwa sile, ana vidole virefu ajabu anatembea navyo juu ya majani ya yungiyungi kama vile yuko nchi kavu. Maji yalikuwa yamepungua sana maana huko juu mto ulikuwa unachepushwa, yungiyungi zikakauka, na sile hatukumwona hata mmoja. Nikaacha ile safu wazi nikijua hakuna cha kuandika. Mzee akaniambia, "Mwanangu, andika sifuri. Ukiacha wazi mtu atadhani hukumtafuta." Nikaandika. Mwaka uliofuata sifuri tena, nikaandika tena huku roho inauma kweli. Na zile sifuri mbili ndizo zilizopelekwa kwenye kikao cha watu wanaotumia maji ya ule mto, pamoja na namba za nyuma za wakati sile walikuwepo, watu wakaziona kwa macho yao. Ilichukua muda na mabishano mengi ila mwisho walikubaliana maji kiasi yaachwe yashuke.

Yungiyungi zilirudi kidogokidogo. Januari iliyofuata nilikuwa kwenye mtumbwi na yule mzee, tumetulia kabisa pembeni ya matete, nikaona sile dume amesimama kwenye jani, ila miguu yake nikaona haieleweki, imezidi. Nikarekebisha darubini. Miwili ya kwake, halafu chini ya mbawa inaning'inia minne myembamba yenye vidole virefu vilevile, vifaranga kawabeba kwapani, maana kwa sile baba ndo mlezi. Nilihesabu ile miguu mara tatu ndo nikaandika: mkubwa 1, vifaranga 2.