Makufuli Mawili na Mashine ya Kahawa ya Mbozi

Mwezi Julai, wakati baridi ya Mbeya humlazimu mtu kukaa na koti ndani ya nyumba, nilipigiwa simu na fundi wa kiwanda kimoja cha kukoboa kahawa huko Mbozi. "Kaka, kompyuta ya kamera imekufa lakini haijazimika," aliniambia. Draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuiendesha kamera hiyo inayopiga picha za punje ili mbovu zitengwe, niliiandika mimi mwenyewe, kwa hiyo sikuwa na wa kumsingizia.

Jambo la kwanza lililonishtua ni kwamba hata ps aux, amri ambayo ingetuonyesha programu iliyokwama, nayo ilikwama. Katika Linux kila programu ina ramani ya kumbukumbu yake, na ramani hiyo hulindwa na kufuli, yaani alama inayowazuia wengine wasiiguse inapotumika, liitwalo mmap_lock, ambalo kabla ya toleo la 5.8 la mwaka 2020 liliitwa mmap_sem. Wanaoisoma ramani wanaweza kulishika wengi kwa pamoja, ilhali anayeibadilisha hulishika peke yake. Ili ps aux ionyeshe maneno yote yaliyotumika kuianzisha programu, ni lazima isome kumbukumbu ya programu hiyo, na hapo huomba kufuli lilelile. Kwa hiyo aliyetumwa kumtafuta mgonjwa alilazwa kitanda cha jirani.

Nilimwelekeza fundi aandike herufi w kwenye /proc/sysrq-trigger, jambo linaloifanya kerneli, yaani kiini cha Linux, itaje kila uzi (mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu) uliolala usingizi usiokatizika na mfululizo wa fanksheni zilizoufikisha hapo. Orodha ilikuwa ndefu, lakini nyuzi zilizokuwa na maana zilikuwa mbili tu, zote za programu ya kamera. Uzi wa kwanza ulikuwa umeshika kufuli la draiva yangu na, ukiwa katikati ya kuipeleka picha kwa programu kupitia fanksheni ya copy_to_user, ukakuta ukurasa unaoandikiwa, yaani kipande kimoja cha kumbukumbu ya programu, haupo kwenye kumbukumbu. Kuurudisha ukurasa huo kulihitaji mmap_lock. Uzi wa pili ulikuwa ndani ya mmap, ombi la kuongeza eneo jipya kwenye ramani ya kumbukumbu, umelishika mmap_lock peke yake, na fanksheni yangu iliyoitwa humo ilikuwa inasubiri kufuli la draiva. Ni kama majirani wawili wanaotaka kutwanga, mmoja amechukua kinu na mwingine mchi, na kila mmoja amekaa mlangoni kwake akimngoja mwenzake amalize.

Mbona draiva ilifanya kazi miezi mingi bila tatizo? Kwa kawaida ukurasa unaoandikiwa huwa upo tayari, na copy_to_user hupita bila kugusa kufuli lolote. Unapopelekwa kwenye diski kwa sababu ya uhaba wa kumbukumbu, na uzi mwingine ukaita mmap katika nukta hiyohiyo, ndipo mtego unapofyatuka. Fundi alikuwa ameshapendekeza tuongeze RAM, na nashukuru hatukufanya hivyo, kwa sababu kosa lingebaki palepale ila lingejitokeza kwa nadra zaidi.

Nyumbani nilijenga kerneli yenye lockdep, kifaa cha programu cha kukagua makufuli, kazi ya Ingo Molnar na Arjan van de Ven kilichoingia katika toleo la 2.6.18 mwaka 2006. Uzuri wake ni kwamba hakisubiri mkwamo utokee: hukariri mpangilio ambao makufuli hushikwa, na kikiona A kabla ya B mahali fulani na B kabla ya A mahali pengine, hulalamika papo hapo. Hata ukurasa usipokosekana, copy_to_user huhesabiwa kuwa ingeweza kuliomba mmap_lock. Pamoja na hayo, siku nzima hakikusema neno. Jioni ndipo nilipoisoma dmesg, orodha ya jumbe za kerneli, kuanzia juu, nikaona kwamba draiva ya kadi ya mtandao ilikuwa imezua onyo lake wakati kompyuta inawaka, na lockdep hujizima baada ya ripoti ya kwanza. Nilikuwa nimeuchukulia ukimya wake kuwa ni cheti cha usafi. Nilipoiondoa draiva ile ya mtandao, onyo langu lilitokea ndani ya sekunde chache.

Nilishawishika kulishika mmap_lock kwanza ndani ya draiva ili mpangilio ulingane. Hilo lingekuwa kosa jingine, kwa kuwa uzi huohuo ungelazimika kuliomba tena pindi ukurasa ukikosekana, na kama kuna uzi mwingine unaotaka kuibadilisha ramani uliokwisha kupanga foleni katikati, uzi wa kwanza ungezuiwa nyuma yake milele. Badala yake, sasa draiva huinakili picha kwenye kumbukumbu ya kerneli ikiwa imeshika kufuli lake, huliachia, kisha ndipo huita copy_to_user. Gharama ni nakala moja ya ziada kwa kila picha, na mashine ya kuchambua haijaonyesha kuihisi. Onyo la draiva ya mtandao bado lipo, na hilo nimelitengea wiki ijayo.