Siku Moja ya Mnunuzi wa Vyakula vya Lodge

Mgeni anayekunywa juisi ya pasheni mbele ya hema la kifahari katikati ya Serengeti huenda akadhani tunda hilo limechumwa jirani, ilhali kilimo hakiruhusiwi ndani ya hifadhi na karibu kila anachokula kimesafirishwa kwa lori kutoka Arusha, zaidi ya kilomita 300. Mimi ndiye ninayekinunua.

Saa 11 alfajiri ya jana nilikuwa soko la Kilombero, hapa Arusha. Nyanya mimi huchagua zinazoanza tu kuwa nyekundu, kwa kuwa zilizoiva husagika kwenye barabara ya changarawe baada ya lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro. Parachichi huzibonyeza moja moja na kuzitenga mafungu matatu, la kuliwa kesho, la katikati ya wiki na la mwisho wa wiki. Ni ujuzi wa vidole, nami ninajivunia. Kufikia saa 2 mizigo ilikuwa imepimwa na samaki wamefunikwa barafu.

Saa 3, lori likiwa tayari kuondoka, mpishi mkuu alipiga simu: wageni wawili wanaowasili kesho hawanywi maziwa ya ng'ombe, wanataka ya mlozi. Taarifa hiyo ilikuwa ofisini tangu wiki iliyopita na hakuna aliyeniletea. Duka la kwanza hayakuwapo. La pili ilibaki pakiti moja. La tatu, huko Njiro, nilisimama kaunta muda mrefu nikimsubiri mwenye ufunguo wa stoo, huku dereva akinipigia tena na tena. Alikuwa na haki, maana malango hufungwa jioni, na akichelewa analala Karatu barafu ikiyeyuka juu ya samaki ambao nitaulizwa mimi. "Dada, jua linapanda," aliniambia bila hasira, na sikuwa na jibu la kumpa. Niliporudi kwa bodaboda, katoni mapajani, saa 5 ilikuwa imeshapita.

Mchana wote nilioanisha risiti, miguu ikiuma, masikio yakiwa kwenye simu. Jioni dereva aliandika kwamba amevuka lango la Naabi, la kuingilia Serengeti. Hapo ndipo nilipokula.

Kabla ya kufunga stoo nilimwomba meneja kwamba mahitaji maalumu ya wageni yanifikie siku mbili kabla ya lori kuondoka. Amekubali, na agizo hilo limebandikwa ukutani juu ya mizani.