Chaza hamsini na kitabu cha mjomba

Wiki iliyopita mtoto wa kaka yangu alikuja kwangu Tabata kumalizia likizo, akakikuta kitabu cha Elden Ring juu ya kabati la tivii. Akakinyanyua kwa mikono miwili.

"Shangazi, hiki cha chuo?"

Nikamwambia cha gemu, kinaelekeza namna ya kucheza. Akanitazama kwa huruma, kama vile kanikuta natafuta sindano ya gramafoni.

"Kwani huna bando?"

Bando ninalo. Ila swali lake limenikaa kichwani tangu siku ile, na kila nikiosha vyombo najikuta namjibu peke yangu. Bora niandike yaishe.

Kitabu changu cha kwanza cha aina hii hakikununuliwa. Mwaka 2006 mjomba wetu, baharia, alishuka Tanga na PlayStation 2 ya mtumba. Chini ya waya na pedi mbili, kwenye boksi hilohilo, kulikuwa na mwongozo wa GTA San Andreas uliotolewa na BradyGames. Mmiliki wake wa kwanza, mtoto fulani wa ng'ambo nisiyemjua, alikuwa anatia alama ya vema kwa kalamu ya bluu kwenye kila mchoro wa ukutani alioupata ndani ya gemu. Michoro iko 100. Alama zake ziliishia 31. Sijui aliuza mashine, aliugua, au alikata tamaa tu. Mimi nikaendelea na 32 kwa penseli.

Nilikuwa kidato cha pili, Kiingereza kinapanda kidogo. Kaka alikuwa na vidole, mimi nikawa na macho. Yeye anakaa mkekani na pedi, mimi nyuma yake kitandani nasoma kwa sauti: pinda kushoto, usishuke garini, subiri. Misheni ya treni, ile Big Smoke, rafiki wa mhusika wetu, yuko nyuma ya pikipiki anamwaga risasi zisizompata mtu, kaka aliirudia siku tatu. Mimi ndiye niliyemwambia aache kuiganda treni, akae nayo mbali kidogo ili Smoke apate pembe ya kulenga. Hadi leo anasema aligundua mwenyewe.

Ndani ya gemu lile kuna chaza hamsini wa kutafuta, wamezamishwa kwenye maji ya ramani nzima: mito, mabwawa, hata madimbwi ya kuogelea. Neno la Kiingereza, oyster, sikulijua, nikakimbilia kamusi. Bibi alikuwa anachambua mchele barazani, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia chaza. "Chaza si nenda Kigombe, maji yakitoka watu wanaokota. Mnawatafuta kwenye tivii?"

Bila ramani ile, chaza hamsini usingewapata. Unaweza kuogelea mwezi mzima.

Sasa, wanaokumbuka wanakumbuka: 2006 ulikuwa mwaka wa mgao. Mvua hazikunyesha, mabwawa yakashuka, umeme ukawa mgeni. Ngamiani kwetu ulikuwa ukikatika asubuhi na kurudi usiku watu wameshakula. Mashine inakuwa sanduku tu. Lakini kitabu kilikuwepo. Mchana kutwa tulikuwa tunakilalia kifudifudi tukipanga safari: leo umeme ukirudi tunaanzia gatini, chaza saba wako upande huu, halafu tunaiba boti, halafu tunavuka. Tuligombana kuhusu njia ambazo hatujawahi kupita. Usiku taa ikiwaka mtaa mzima unapiga kelele "eeeeh!", na sisi tayari tunajua pa kwenda. Nikihesabu, nadhani nililicheza gemu lile zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye kioo. Kurasa za katikati zilipoanza kuchomoka, mama akatupa plasta ya hospitali tukafungia mgongo.

Hili ndilo nililotaka kumwambia mpwa wangu, nikashindwa kulipanga pale pale.

Kitabu kinapoanza kushindwa ni kwenye majibu. Majibu yana mahali pengi pa kupatikana, na bure. Tovuti ya miongozo ya gemu, GameFAQs, ipo tangu 1995, ilianzishwa na Jeff Veasey, na kwa miaka mingi ilikuwa maandishi matupu yanayoandikwa na wachezaji wenyewe, ramani zikichorwa kwa nyota na vistari. Kafe ya intaneti karibu na stendi walikuwa wanachapa kwa shilingi mia mbili ukurasa, kwa hiyo nilinakili kwa mkono kwenye daftari la Jiografia. Baadhi ya wale watu walijua gemu kuliko walioandika vitabu vya kulipiwa. Na vitabu vyenyewe havikuwa vitakatifu. Mwongozo rasmi wa Final Fantasy IX wa mwaka 2000 ni kichekesho mpaka kesho: ulikuwa unakupa neno la siri, unaambiwa uende ukaliandike kwenye tovuti ya PlayOnline ndipo upate maelezo kamili. Yaani unanunua kitabu kikutume kafe. Leo ukikiokota mtumbani, yale maneno ni funguo za nyumba iliyokwisha bomolewa.

Basi biashara ikafa, na sishangai. BradyGames iliunganishwa na mchapishaji mwenzake, Prima, 2015, na Prima yenyewe, iliyokuwepo tangu 1990, ikatangaza mwishoni mwa 2018 kwamba inafunga. Waliobaki ni wachache wanaotengeneza vitabu vinene vya jalada gumu: Piggyback wa Uingereza, waliotoa vile vya gemu za Zelda, na Future Press wa Ujerumani, waliotoa hiki changu.

Changu kilinitoa jasho. Wakala wa mizigo aliniambia wiki tatu, ikawa miezi miwili na nusu, halafu akanitoza kwa kilo. Kitabu kina uzito wa tofali. Nilipolipa nilijiapiza sirudii tena, na nyumbani sikumwambia mtu bei. Bado sijamwambia.

Na bado kina kasoro ambayo cha mjomba hakikuwa nayo. Elden Ring ilitoka Februari 2022. Machi tu, hata mwezi haujaisha, watengenezaji wakaleta masahihisho yaliyozipunguza nguvu mbinu mbili ambazo kila mtu alikuwa anazitegemea. Wakaendelea hivyo, kupunguza hapa, kuongeza pale. Juni 2024 ikaongezwa nchi nzima mpya ambayo kitabu cha 2022 hakina hata mstari mmoja juu yake. Kwa hiyo namba za silaha mle ndani nazisoma kama bei za kwenye gazeti la zamani. San Andreas yetu haikusahihishwa na mtu. Ilikuwa kwenye diski, imekwisha, na kitabu kikiandika chaza yuko chini ya daraja, yuko chini ya daraja.

Ukiniuliza ununue au usinunue, nitakuuliza gemu gani. Ya mpira, usithubutu. Mwaka hauishi inatoka nyingine. Zile za kucheza na watu mtandaoni, zinazobadilika kila wiki, hata bure usichukue. Lakini kama ni gemu la mtu mmoja, limeshatulia, lina ramani pana iliyojaa vitu vya kutafuta, mfano Breath of the Wild ya Zelda na mbegu zake 900 za Korok zilizofichwa, hapo mimi natoa hela. Video itakuonyesha mbegu moja kwa dakika nane, dakika tatu za kwanza jamaa anakuomba ujiunge na chaneli yake. Ramani ya kurasa mbili unaifunua mapajani unaona zote, na penseli unayo.

Mpwa wangu hakushawishika. Siku ya tatu alikwama kwa Margit, adui mkubwa wa mwanzo wa Elden Ring, akafungua video mbili, bando langu likaisha, akasema ataendelea kesho. Kitabu alikifungua mara moja, kuangalia picha za mazimwi, akakifunga. Sikusema kitu. Nilimpikia wali wa nazi, nikampandisha basi la Mwanza.

Cha San Andreas sinacho. Tulipohama Ngamiani kilipotea, na kila nikimuuliza kaka anasema labda alikichukua mjomba. Juzi mkewe katuma picha ya watoto kwenye kundi la familia, kumshukuru shangazi kwa likizo. Nyuma yao kuna rafu, na kwenye rafu, kati ya Biblia na kopo la maziwa ya unga, kuna mgongo wa kitabu uliofungwa kwa plasta ya hospitali. Nimeikuza picha mara nne. Nimemwandikia kaka ujumbe. Alama mbili za bluu zimetokea tangu jana saa mbili usiku.