Karibu ya mapokezi na karibu ya magoti ya mama

Tumeshuka Mkoani, kwetu Pemba, jana alasiri, bahari ya Nungwi ilikuwa imechafuka kidogo na mama kalala kitini njia nzima, afu tena gari mpaka Wete, kwa hiyo hapa naandika mwili wote unaniuma. Lakini nataka niandike sasa hivi kabla sijasahau, maana kila nikirudi kutoka Unguja lazima jirani mmoja aniulize "mlifikia wapi?" na mie hujibu kwa neno moja tu, wakati swali lenyewe lina maneno mengi. Pale mlipofikia ndo panapoamua safari yenu itakuwaje, hasa ikiwa safari yenyewe ni ya siku mbili tatu.

Tulikwenda watatu. Mama ana miadi ya kliniki ya macho hospitali ya Mnazi Mmoja, umri ushapita 70 na goti la kushoto linamsumbua. Mdogo wangu alikuwa na mzigo wa dukani kwake wa kununua soko la Darajani. Mie ni wa kumshika mama mkono. Tunalala siku mbili, ya tatu tunarudi. Safari kama hii masaa yake yamehesabika, saa moja ukiipoteza njiani ushapoteza kitu, huna kesho ya kufidia.

Mwaka jana wakati wa masika tulikwenda kwa miadi kama hii hii, na hoteli nilichagua mie mwenyewe, usiku, kwenye simu, naangalia picha. Kitanda cha samadari, chandarua cheupe, dirisha linatazama mapaa ya mji na bahari kwa mbali. Imeandikwa iko katikati ya Mji Mkongwe, dakika tano kutoka kila kitu. Nkasema hapa hapa. Tumeshuka bandarini Malindi na mvua, taksi ikatuchukua mpaka Mkunazini, dereva akazima gari akasema, "Mie mwisho wangu hapa, huko ndani gari haiingii." Najua kama gari haiingii, Unguja nimesoma mie, ila wakati nachagua sikulifikiria hilo kabisa kwa sababu nilikuwa naziangalia picha kwa macho yangu na sio kwa miguu ya mama. Tukaingia vichochoroni na mabegi, maji yanatiririka katikati ya njia, kila kona mama anasimama anashika ukuta. Na ramani ya simu mule ndani inakupoteza zaidi, nyumba ndefu, njia nyembamba, simu haiioni mbingu vizuri, mara inakwambia uko uchochoro wa pili mara umo ndani ya nyumba ya mtu. Msikiti mmoja tumeupita mara mbili. Mwishowe mama kakaa kwenye baraza ya nyumba ya watu akasema, "Nendeni, mie ntawasubiri hapa."

Akatoka mwenye nyumba, bibi mtu mzima, na gilasi ya maji. Akamtazama mama, akanitazama mie. "Hiyo hoteli unayoitafuta naijua, ipo nyuma hapo. Chumba chenu cha chini au cha juu?" Nkamwambia sijui bibi. Akasema, "Basi kaulize kwanza mwanangu, kabla hujamnyanyua mama yako."

Chumba kilikuwa ghorofa ya tatu. Ngazi 52, nilikuja kuzihesabu baadae. Na ngazi za nyumba zile mnazijua, wima na nyembamba, maana ni nyumba za mawe na chokaa, sakafu zinabebwa na boriti za mikoko na upana wa chumba unafuata urefu wa boriti, kwa hiyo nafasi ilikuwa ndogo toka zamani na ngazi zimebanwa pembeni. Mji wenyewe umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, hutobomoa tu ukuta ukatia lifti. Zipo hoteli kubwa zenye lifti, sikatai, lakini bei zake si zetu. Basi mama kapanda, kwa kupumzika kila baada ya ngazi nne tano, na alipofika juu hakushuka tena siku ile, chakula tulimpandishia. Asubuhi yake baada ya sala ya alfajiri tukaanza kushuka moja moja na tochi ya simu ili tuwahi namba kliniki. Nilikuwa mbele yake narudi kinyumenyume, nimemshika mikono miwili, na wallahi nilikuwa naogopa.

Hoteli haikunidanganya kitu, iko katikati kweli na wenyewe watu wazuri. Ila nililolijua siku ile ni kwamba Kiswahili chetu neno moja linafanya kazi mbili. Unapiga simu unauliza, hapo kwenu na Mnazi Mmoja ni mbali? Unajibiwa, karibu sana! Na karibu ile mara nyingi ni ya kukukaribisha, sio ya masafa. Mtu wa mapokezi anakupa karibu yake yeye, kijana wa miaka 25 anaepanda ngazi mbili mbili.

Kwa hiyo safari hii sikuangalia picha kwanza. Nilichukua karatasi nkaandika tutakwenda wapi na wapi, saa ngapi, nani na nani: mama Mnazi Mmoja mara mbili, asubuhi zote mbili, mdogo wangu Darajani mchana kutwa, na boti Malindi siku ya kuondoka. Afu nkaangalia ni nani hawezi kutembea. Ni mama. Basi hoteli inakuwa karibu na safari za mama, sisi wengine tutatembea. Ukiwa na mtoto mchanga au mgonjwa au mzee fanya hivyo hivyo, anza na yule mwenye miguu dhaifu kuliko wote, usianze na unachotaka kukiona dirishani.

Kwa Mnazi Mmoja sehemu ni Vuga, au Kikwajuni kwa upande wa pili, na ile pembeni ya Mkunazini inayotazama barabara kubwa. Vuga gari inapita, taksi inakushusha mlangoni, na hospitali ni mwendo mdogo wa miguu, hata mama aliuweza kwa kupumzika mara moja. Mdogo wangu akitoka pale anakwenda Darajani kwa mguu bila ya shida, kurudi na mzigo anachukua bajaji. Nilipiga simu gesti tatu na kila moja nikauliza maswali yale yale, gari inafika mlangoni au inaishia wapi, na kutoka inapoishia mpaka mlangoni ni hatua ngapi, chumba kiko chini au juu, kama juu ngazi ngapi (wa kwanza alicheka, akaenda kuzihesabu akanipigia, Mungu ambariki), choo kimo ndani, mnatia chai saa ngapi maana sisi tunatoka mapema. Yule alienijibu moja moja bila ya kuchoka ndie tuliefikia kwake. Chumba cha chini, kidogo, dirisha linatazama ukuta. Shilingi 60,000 kwa siku pamoja na chai ya asubuhi.

Na lingine niliuliza la umeme na friji, kwa sababu mama ana dawa ya matone ya kuweka kwenye baridi. Umeme wa Unguja unakuja kutoka Bara kwa waya unaopita chini ya bahari, na waliokuwepo 2008, afu tena Disemba 2009 mpaka Machi 2010, wanakumbuka miezi ile ya giza. Siku hizi si hali ile, lakini kuuliza "mna jenereta?" hakugharimu kitu. Wakaniambia ipo, na friji ya jikoni watampa nafasi ya dawa zake. Wamefanya hivyo kweli.

Kuna watakaosema ungepata bei ndogo zaidi huko nje ya mji. Ni kweli, nilipata kwa 40,000 Kiembesamaki, chumba kikubwa na AC. Lakini piga hesabu, sisi watatu, taksi kuja mjini asubuhi na kurudi, ile tofauti ya elfu ishirini imeshakwenda kabla ya chakula cha mchana, na ukisema mama apande daladala asubuhi wakati wanafunzi wa skuli na wafanyakazi wote wako njiani, unamuua. Na muangalie sana hizi anuani za mtandaoni. Wanaandika Zanzibar mjini tu, ukifungua unakuta Bububu, au Mazizini, au Mombasa. Rafiki yangu wa Bara aliiona Mombasa kwenye anuani akaniuliza kama hoteli iko Kenya, nkamwambia hapana, hii ni Mombasa yetu ya Unguja. Mitaa mizuri hiyo, kumetulia, na kama una ndege ya alfajiri mie mwenyewe ningelala Kiembesamaki, maana uwanja wa ndege uko Kisauni hapo jirani. Kwa shughuli za mjini lakini, hapana.

Lililonipa tabu kuliko bei ni mama mkubwa. Dada yake mama anakaa Fuoni, ana nyumba kubwa, na kwetu sisi kwenda Unguja ukalala gesti wakati dada yako yuko hai ni kama umemwambia hujamtaka. Mwaka jana hakusema kitu, mwaka huu kanipigia mwenyewe: "Kwangu kumekuwaje mpaka mnalala kwa kulipa?" Nilinyamaza kwanza. Afu nkamuelezea, mama mkubwa, miadi ni saa moja na nusu asubuhi, kutoka Fuoni na foleni zile itabidi tumuamshe dada yako usiku, na kurudi jioni hivyo hivyo, goti lake halitofika salama Pemba. Akakaa kimya, akasema, "Basi mie ntakuja huko." Na kaja kweli, siku ya pili baada ya sala ya adhuhuri, na sufuria ya pilau kaifunga kwenye kanga, na pale gesti wakatupa sahani na mkeka tukala uani. Wamezungumza wale ndugu wawili mpaka alasiri. Kwa hiyo ushauri wangu kwa wenye jamaa mjini, mueleze mtu mapema na mpe sababu yenyewe, asije akasikia kwa watu.

Sasa nyinyi ambao hamna mgonjwa, mnakuja kutembea tu siku mbili, msichukue Vuga kwa sababu mie nimeisifu. Mnaotaka kuuona mji, pazuri ni kuanzia Shangani mpaka Forodhani na nyuma yake Hurumzi, jioni mnatoka kwa mguu, mnakula urojo na mishikaki Forodhani, mnarudi bila ya kutafuta gari usiku. Ukitaka kuwa ndani kabisa, Kiponda au Sokomuhogo, asubuhi unakunywa kahawa na wazee pale Jaws Corner, hapo utausikia mji unavyozungumza. Mwenye boti ya mapema na mzigo mwingi alale Malindi, ingawa Malindi ni ya shughuli na kelele za gari huanza mapema. Na mjue popote mtakapolala Mji Mkongwe adhana ya alfajiri mtaisikia, mama yangu hilo ndo lililomfurahisha kuliko yote, kasema hakuhitaji saa. Mwezi wa Ramadhani ulizeni na daku.

Wakati nao ni sehemu ya kuchagua. Februari kuna tamasha la muziki la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe na vyumba vyote vya jirani vinajaa, Julai na Agosti wageni wengi, Disemba ndo usiseme, na bei zinapanda. Masika vyumba vipo na bei mtazungumza, lakini njia za ndani zinajaa maji kama nilivyowaambia. Na wenyeji chukueni vitambulisho, hoteli nyingi zina bei ya mwenyeji na bei ya mgeni na bila ya kitambulisho utasomewa ya mgeni.

Jioni ya mwisho mama akasema anataka aione Beit el Ajaib, lile Jumba la Maajabu. Tulichukua bajaji mpaka Forodhani, tukamkalisha kwenye benchi na juisi ya miwa. Jumba lile la 1883, kaja kuliona na baba yake akiwa msichana, na toka liporomoke sehemu yake 25 Disemba 2020 alikuwa hajalitazama. Katazama sana, hakusema kitu, akanishika mkono tukae kidogo. Tulikaa mpaka taa za wauza chakula zote zimewaka. Mwaka jana saa kama ile alikuwa kule juu amelala, na bahari anaisikia tu.

Miadi ijayo wamempa Februari. Nimempigia yule wa gesti leo asubuhi, kabla hata sijafungua begi, kwa sababu ya tamasha. Kaliandika jina la mama kwenye daftari lake, na mama alikuwa pembeni yangu anasikiliza, akaniambia, "Mwambie chumba kile kile, na ile nafasi ya friji pia."