Zaburi kwa tarehe: namna ninavyosali kila siku bila kuishiwa maneno

Nimechoka kusikia watu wakiambiwa kwamba wasipoamka saa nane usiku, wakakemea mpaka sauti ikakauka, na juu yake wakatoa sadaka ya "kufungua milango", maombi yao hayafiki popote. Wapo waliolishwa maneno hayo mpaka wakaacha kusali kabisa. Bwana Yesu alikwisha kulimaliza jambo hili katika Mathayo 6: tusipayuke-payuke tukidhani wingi wa maneno ndio unaosikiwa, kwa maana Baba anajua tunayohitaji kabla hatujamwomba. Hapo hapo akatoa sala fupi, Baba Yetu, unaisema yote bila haraka na dakika haijaisha. Basi tunasali ili tukae mbele ya huyo Baba, tumwambie yaliyo moyoni, na mapenzi yake yatutengeneze. Sala yangu ya kila siku nimeijenga juu ya hilo, na inadumu, wiki njema na wiki za msiba.

Kinachoua sala ya wengi ni kukosa la kusema. Ukishashukuru kwa kuamka salama na kuombea watoto, maneno yamekwisha, unabaki kuzungusha yale yale. Dawa ni zaburi, na zaburi huzichagui kwa kubahatisha. Chukua tarehe ya leo, ongeza 30, kisha 30 tena, mpaka upate namba tano. Leo ikiwa tarehe 13, zaburi zako ni 13, 43, 73, 103 na 133. Kwa kuwa zaburi ni 150, siku 30 zinazigusa zote.

Hizo tano usizisome zote. Zipitishe macho upesi, ukae na moja. Utamu wa mbinu hii ni kwamba karibu kila siku inakupa hali tofauti za moyo. Tazama hiyo tarehe 13. Ya 13 ni ya mtu aliyechoka kungoja: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Ya 73 ni ya Asafu, aliyewaonea wivu waovu wanaostawi, ina mistari 28 na inamfaa aliyedhulumiwa kazini. Ya 103 ni shukrani tupu. Ya 133 ina mistari mitatu tu, ya ndugu kukaa pamoja. Siku ya haraka hiyo inatosha. Tarehe 31 nenda Zaburi 119, ambayo ina mistari 176 iliyogawanywa mafungu 22 ya mistari minane minane. Soma fungu moja, weka alama, endelea tarehe 31 nyingine. Miezi ya namna hiyo ni saba kwa mwaka, kwa hiyo kuimaliza kunachukua zaidi ya miaka mitatu, na hakuna ubaya wowote. Kama Biblia yako inafuata hesabu ya Kigiriki, Zaburi ya Bwana mchungaji utaikuta ni ya 22 badala ya 23. Usishtuke, fuata namba za kitabu chako.

Tarehe 28 utakutana na Zaburi 88, ambayo inaanza na kilio na kuishia gizani, bila neno la faraja mwishoni. Isome hivyo hivyo. Imewekwa katika Biblia ili mwenye huzuni asilazimishwe kujifanya ana furaha mbele za Mungu. Tarehe 19 iko 109, zaburi ya laana. Hapo ndipo watu huingiza jina la shangazi au la jirani, eti ni maombi ya vita. Msitumie zaburi hivyo, ndugu zangu. Anayeiomba anamkabidhi Mungu hasira yake pamoja na kisasi, na Bwana wetu ametuamuru tuwaombee wanaotuudhi.

Baada ya zaburi inakuja Baba Yetu, ombi moja moja. Mwaka 1535 Martin Luther, yule Mjerumani ambaye Walutheri wanaitwa kwa jina lake, alimwandikia Petro, kinyozi wake wa mji wa Wittenberg, akimweleza namna ya kusali. Alimwambia kuwa kinyozi mwema huweka akili na macho kwenye wembe na nywele, maana akipiga soga huku akiangalia kwingine, atamkata mtu pua. Na sala inataka moyo mzima namna hiyo. Alimfundisha pia kulichukua neno na kulisokota kwa nyuzi nne: fundisho, shukrani, toba, ombi.

Jaribu na "Utupe leo riziki yetu". Fundisho: riziki inaombwa ya leo, na anayeiomba anamwombea na jirani. Shukrani: unga uliomo ndani, maji yaliyotoka jana, vitaje kwa majina yake. Toba: dada wa kazi mshahara wake haujalipwa na leo ni tarehe 9. Ombi: mtaje aliyesimamishwa kazi, na uombe moyo wa kumpelekea kitu. Hapo dakika tano zimepita hujarudia neno. Moyo ukinasa kwenye ombi moja, kaa hapo, mengine yaache. Luther mwenyewe alishauri hivyo.

Majina ya watu yanataka daftari, lile la bei ya chini kabisa dukani. Orodha ikikua, sala inageuka kuita mahudhurio, kwa hiyo gawa majina kwa siku saba: Jumatatu ukoo, Jumanne wagonjwa, na kuendelea. Andika haja yenyewe. "Mbariki mama" haikusaidii kuomba. "Goti la mama, kliniki ya Alhamisi" inakusaidia, na Ijumaa utajua umshukuru Mungu kwa lipi. Upande wa kulia acha nafasi ya kuandika kilichotokea, hata kama ni "bado" au "hapana". Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba, yaani taabu ya mwilini mwake, uondoke, akajibiwa "Neema yangu yakutosha". Gethsemane Yesu aliomba kikombe cha mateso kimwepuke, naye akakinywa. Ukiambiwa hukujibiwa kwa sababu imani yako ni ndogo, mwulize huyo mshauri imani ya Yesu ilipungua wapi.

Akili ikitangatanga, sema kwa sauti ya chini au tembea polepole uani. Likija wazo la gesi kuisha, liandike pembeni mwa daftari, endelea. Biblia iwe ya karatasi. Ya kwenye simu inakuja na ujumbe wa kikundi cha harusi. Mimi hutumia kama robo saa, alfajiri kabla redio haijawashwa. Siku ya homa, Baba Yetu moja kitandani ni sala kamili. Warumi 8:26 inasema Roho mwenyewe hutuombea tusipojua kuomba itupasavyo.

Jioni na familia msirudie yote haya. Mtoto achague zaburi fupi kati ya 117, 131, 133 na 134, aisome yeye, kila mtu ataje jina moja la kuombea, mmalize kwa Baba Yetu. Ya 117 ina mistari miwili tu, hata anayejifunza kusoma anaimudu.