Nibu ya Mwalimu wa Magomeni

Katika Maonesho ya Sabasaba ya mwaka 2018, binamu yangu anayeuza vinyago alinigawia pembe ya meza yake pale Uwanja wa Mwalimu Nyerere, barabara ya Kilwa, nami nikapanga kalamu za wino nilizokuwa nimezikereza nyumbani Tabata nyakati za jioni na mwisho wa juma, kwa maana kazi yangu ya mshahara ni uhasibu. Zote zilikuwa za mpingo. Nilikuwa nikinunua masalio kwa wachongaji wa Mwenge, vipande ambavyo kwa kinyago ni vidogo mno lakini kwa kalamu vinatosha na kuzidi. Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutia majini huzama, na ugumu wake ndio uliowafanya watengenezaji wa klarineti na zumari za Ulaya waupende kuliko miti mingine. Kwangu mimi sifa yake kubwa ni kwamba hukubali kukatwa meno ya skrubu ndani ya mti wenyewe bila kumeguka, hivyo kifuniko hufungwa mti kwa mti, bila pete ya chuma katikati.

Wageni waliosimama mezani waliuliza habari za mti tu. Baadhi yao walitaka kujua kama wangeruhusiwa kusafiri nao, kwa sababu tangu Januari 2017 mpingo, pamoja na ndugu zake wa jenasi ya Dalbergia, umo katika Orodha ya Pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, nami niliwaeleza kwamba masharti yale yanalenga biashara ya kuvusha mti mipakani, si kalamu moja katika mkoba wa msafiri. Waliishika, wakaipima uzito kiganjani, wakasifia weusi wake. Hakuna aliyefungua kifuniko kutazama nibu, kile kichuma cha mbele kinachoandika, na jambo hilo liliniuma, kwa sababu naamini kabisa kwamba mti humwita mnunuzi lakini kalamu yenyewe ni nibu.

Mzee aliyefika alasiri ya Sabasaba yenyewe alianza kwa kufungua kifuniko. Alikuwa amevaa kanzu na kofia ya viua, na baada ya kuitikia shikamoo yangu aliniomba karatasi na wino. Akaanza kuandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwa herufi za Kiarabu, na kwa kuwa nilisoma madrasa utotoni niliweza kufuata na kuona kwamba maneno yalikuwa ya Kiswahili, ubeti wa shairi. Kabla hajamaliza mshororo wa pili aliinua mkono.

"Inakwaruza, fundi," alisema kwa upole. "Tena alifu na be zina unene mmoja. Hii ni kalamu nzuri ya mtu mwingine."

Alinieleza kwamba yeye ni mwalimu wa madrasa Magomeni, na kwamba alikuwa akinakili daftari la mashairi la marehemu baba yake, ambalo mchwa walikuwa wameanza kulila pembeni. Kazi hiyo alikuwa akiifanya kwa kalamu ya mwanzi aliyoichonga mwenyewe, lakini mkono wake ulikuwa umechoka kuchovya kila baada ya maneno machache. Nilimwomba anipe nafasi ya kumtengenezea nibu yake, na akakubali kuja Tabata Jumamosi iliyofuata.

Nilitumia siku zile za katikati kufikiria mkono wa mzee. Anayeandika herufi za Kilatini kwa mkono wa kulia huivuta nibu kuelekea kulia, nayo hufuata kwa hiari. Mzee aliisukuma kuelekea kushoto, na ukingo wa ncha ulikuwa ukichimba karatasi. Pia ncha ya kawaida ya nibu ni ya mviringo, kwa hiyo mstari wa kushuka na mstari wa kulala hutoka na unene uleule, ilhali kalamu ya mwanzi hukatwa bapa na kwa mshazari, ili herufi inayolala itandazike kwa upana na ile inayosimama ibaki nyembamba. Nilichukua nibu pana ya chuma cha pua iliyotengenezwa na Bock wa Heidelberg, Ujerumani, nikaichagua kwa sababu tone la madini magumu lililochomelewa kwenye ncha yake lilikuwa kubwa, nami nilihitaji mahali pa kunoa.

Jumamosi ile mzee alikaa kwenye kigoda karibu na mashine ya kukerezea, akikataa kiti, na tukaianza kazi pamoja. Niliinoa nibu ubavu mmoja na wa pili juu ya msasa laini uliolowa maji, nikilenga ncha iwe nyembamba ikitazamwa kutoka mbele na ndefu ikitazamwa kutoka ubavuni, kisha nikaipa mshazari mdogo. Kazi hii haina marejeo: kilichonolewa hakirudi. Kwa hiyo kila baada ya miburuzo michache nilitazama kwa kioo cha fundi saa, nikachovya, nikampa aandike. Yeye hakusema "vizuri" wala "vibaya". Alikuwa akiandika neno, akinyamaza, kisha akitaja herufi: kafu bado nene shingoni, sini imekuwa safi, nuni inakwama inapogeuka chini. Nilijifunza kunoa kwa kufuata herufi zake, na nasema kwa dhati kwamba sijawahi kupata mwalimu bora wa kazi hii.

Nuni ilipoacha kukwama, alitoa mfukoni kichupa cha wino wake mwenyewe, wa masizi na gundi ya mti. Ilinibidi kumzuia. Wino wa namna hiyo unafaa sana kwa mwanzi, lakini ndani ya kalamu ya wino gundi hukauka katika mifereji myembamba inayoupeleka wino kwenye nibu, na kalamu huziba. Nilimpa badala yake wino wa kaboni wa Platinum kutoka Japani, ambao chembe zake ni ndogo za kuweza kupita, na ambao ukishakauka haufutiki kwa maji, nikamsisitizia aisafishe kalamu mara kwa mara wala asiiache ikae na wino bila kutumika. Aliunusa, akaandika bismillahi, akalowesha kidole na kukipitisha juu yake. Haukutoka.

Kilichobaki ni kuchagua kiwiliwili. Nilimwekea zile nyeusi tupu, ambazo ndizo zilizokuwa zikipendwa zaidi, lakini aliinyanyua moja yenye mstari mweupe, mahali ambapo nilikuwa nimekereza karibu na ganda na kuacha sehemu changa ya mti juu ya kiini. Alinieleza sababu yake: nibu yenye mshazari huandika vizuri ikiwa imeelekezwa sawasawa tu, na kalamu ya mviringo haina upande, lakini mstari ule ukikaa juu kabisa, mkabala na mpasuo wa nibu unaopitisha wino, macho yake mazee yangeuona na vidole vingejipanga. Sikuwa nimewahi kuufikiria mstari ule kwa matumizi hayo. Niliizungusha nibu ndani ya shingo yake ya eboniti, yaani mpira mgumu, hadi mpasuo ukawa sambamba na weupe, nikaikaza.

Tulipatana shilingi 150,000 pamoja na wino, baada ya mazungumzo ya bei ambayo aliyaendesha kwa adabu na bila haraka. Alipokuwa akivaa viatu mlangoni aliuliza kama ningeweza kumtengenezea nyingine kama ile mwalimu mwenzake, ambaye ni mashoto na naye huandika herufi zizi hizi. Nilimjibu kwamba nibu kama ile isingemfaa, kwa sababu mkono wa kushoto ukielekea kushoto huvuta badala ya kusukuma, na mshazari ungetakiwa kukatwa upande wa pili, lakini kwa kiasi gani nisingeweza kukisia; aje mwenyewe, nimwone akiandika.